Bamia, uwatu, alovera au karela? Panya wa maabara wamesema nini kuhusu sukari, na wewe uchague ipi

Ukizunguka Mwanza kuanzia Soko Kuu, Kirumba, Buzuruga mpaka Igoma, hukosi mtu anayeuza dawa ya sukari ya mitishamba. Uwatu kwenye vifuko, unga wa mlonge, alovera kwenye chupa, karela iliyokatwa ikakaushwa, na siku hizi maji ya bamia ndo yameshika kasi, na kila muuzaji anakwambia hii imefanyiwa utafiti. Na hadanganyi, utafiti upo, tena mwingi sana. Ila ukifuatilia hizo tafiti unakuta mgonjwa aliyeshushwa sukari ni panya mweupe wa kwenye kizimba, sio mama mtu mzima wa Nyegezi anayekula ugali wa mhogo na sato.

Mi kazi yangu ni ya maabara na ukoo wetu una wagonjwa wa sukari kibao, kwa hiyo hili swali la "nitumie ipi kati ya hizi" naulizwa kila nikikaa na ndugu. Nimeamua nizilinganishe hizi nne, bamia, uwatu, alovera na karela, kwa utulivu, nikiangalia zaidi zile sukari zilizomo ndani ya mimea yenyewe, manake humo ndo kuna maajabu na humo ndo watu wanachanganywa.

Tuanze na kitu chenyewe. Ule ute wa bamia, utelezi wa mlenda, jeli ya katikati ya jani la alovera, na ule mnato unaotokea ukiloweka uwatu usiku kucha, ukiondoa maji, kwa sehemu kubwa ni sukari. Sio tamu, lakini ni sukari, molekuli nyingi zimeungana mnyororo mrefu, kwenye kemia wanaita polisakaridi. Wanga wa ugali nao ni polisakaridi, tofauti ni kwamba wanga tuna vimeng'enya vya kuukata kuanzia mdomoni mpaka utumbo mwembamba, huko unamalizikia kuwa glukosi na unaingia kwenye damu. Ute wa bamia umejengwa kwa ramnosi, galaktosi na asidi ya galakturoni, uwatu ni manosi na galaktosi, alovera ni manosi zaidi, na mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kukata minyororo ya namna hiyo. Inapita mizima mpaka utumbo mpana, huko bakteria wanaichachusha na kutoa asidi fupi za mafuta, na hizo asidi zinaamsha homoni kama GLP-1 inayolisaidia kongosho kutoa insulini. Na njiani kabla ya kufika huko, ute unakuwa umeshafanya chakula kizito tumboni, glukosi inafika kwenye ukuta wa utumbo taratibu, kama mtu anayetembea kwenye tope la ufukweni badala ya lami. Sukari ya baada ya kula haipandi kwa kishindo.

Hiyo ndo kazi kubwa ya ute, na hiyo sehemu ya uzito imethibitishwa kwa watu muda mrefu tu. Mwaka 1978 David Jenkins na wenzake kule Uingereza walipima aina mbalimbali za nyuzinyuzi kwa watu waliokunywa glukosi, wakakuta kadiri kitu kinavyokuwa kizito na chenye kuvutika ndivyo kinavyozuia sukari kupanda, na gundi ya guari (unga wenye mnato wa mbegu za mmea wa guari) walipoikata minyororo ikawa nyepesi, kazi yake ikapotea. Kumbuka hapo, ute mwepesi hausaidii sana.

Sasa panya. Panya wa maabara kwa kawaida haugui sukari mwenyewe, anaugushwa. Njia inayotumika zaidi ni kumchoma sindano ya streptozotosini, kemikali inayotokana na bakteria wa udongo, au aloksani. Hizi zinaingia kwenye seli za beta za kongosho, zile zinazotengeneza insulini, kupitia mlango uleule unaopitisha glukosi, zinaziua, siku chache baadaye sukari inaruka, na maabara nyingi zinamkubali panya kuwa mgonjwa akishavuka 11.1 au 16.7 mmol/L. Huyo panya sasa anafanana zaidi na mtoto mwenye sukari aina ya kwanza kuliko shangazi yako mwenye aina ya pili, ambaye kongosho lake bado linatoa insulini ila mwili hauisikii vizuri. Ndo maana wengine wanatumia njia ya pili, wanamlisha panya mafuta mengi kwa wiki kadhaa halafu wanampa streptozotosini kidogo, hapo wanakaribia aina ya pili. Na wapo panya wa aina ndogo (mouse, ile aina kubwa ni rat) wanaoitwa db/db, wamezaliwa na hitilafu ya kipokezi cha homoni ya kushiba, wanakula tu mpaka wananenepa na sukari inapanda yenyewe.

Kwa hiyo mtu akikwambia mmea fulani umeshusha sukari ya panya, swali la kwanza ni panya yupi. Swali la pili, alipewa mmea lini. Kuna tafiti panya alianza kunyweshwa mmea kabla ya kuchomwa ile sumu, sasa huko ni kukingwa, sio kutibiwa, na shangazi yako ameshaugua tayari. Halafu panya wa aloksani wengine kongosho linajirudi lenyewe baada ya muda, kama kundi la kulinganisha halikuwekwa vizuri mmea unapewa sifa isiyo yake. Na asilimia nazo ziangalie kwa makini. Chukulia panya alikuwa na 25 akashuka mpaka 15, hiyo ni asilimia 40 na kwenye tangazo inapendeza kweli, lakini 15 bado ni mgonjwa wa kutisha, binadamu sukari ya kuamka bila kula ikifika 7.0 tu tayari tunamwita mgonjwa.

Dozi ndo pana matatizo zaidi. Panya wakubwa wengi wanapewa miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito, kwa mpira unaoshushwa mpaka tumboni. Ukizidisha hivihivi kwa mtu wa kilo 60 unapata gramu 12, lakini haihesabiwi hivyo, kwa sababu mwili mdogo unachoma vitu haraka, kwa panya mkubwa unagawa kwanza kwa 6.2, kwa panya mdogo unagawa kwa 12.3. Inabaki kama gramu 1.9 kwa siku. Unaona ni kidogo, ila hiyo ni polisakaridi iliyosafishwa, imechujwa, imetengwa na pombe, imekaushwa ikawa unga. Bamia mbichi karibu asilimia 90 ni maji. Zile bamia mbili tatu unazokata na kuloweka kwenye glasi usiku hazikaribii kabisa hicho kiasi.

Haya sasa tuzipange, bamia na uwatu kwanza kwa sababu kwangu hizo ndo zinashindana kweli.

Bamia upande wa panya ina ushahidi mzuri. India mwaka 2011 walichukua panya wa streptozotosini wakawapa unga wa maganda na wa mbegu za bamia, miligramu 100 na 200 kwa kilo, kwa siku 28, sukari ikashuka na mafuta ya damu nayo yakashuka. Baadaye China wakautenga ute wenyewe na kuwapa panya wadogo waliolishwa mafuta mengi, sukari ikapungua na uzito pia, kwa hiyo tunajua sio maganda tu, ute nao unafanya kazi. Kwa watu yapo majaribio madogo yanayoonyesha sukari ya asubuhi inashuka kiasi. Kiasi, sio kufuta ugonjwa.

Uwatu upande wa wanyama umepimwa hata kwa mbwa, na hapa mi nauheshimu sana. Miaka ya 1980 kule Ufaransa waligawa mbegu ya uwatu vipande, mafuta huku, sehemu isiyo na mafuta kule, wakawapa mbwa. Sehemu ya mafuta haikufanya kitu, ile isiyo na mafuta ikashusha sukari. Wakaigawa tena, wakakuta ile sehemu ya ganda na nyama ya mbegu, yenye nyuzinyuzi karibu asilimia 80, ndo iliyopunguza sukari ya baada ya kula kwa mbwa wenye kisukari. Hiyo ndo sehemu inayobeba ile sukari ndefu ya manosi na galaktosi, ndugu wa karibu kabisa wa gundi ya guari niliyoitaja juu. Yaani kutoka mbwa mpaka watu wa Jenkins hadithi inakwenda njia moja.

Na kwa watu, mwaka 1990 kule Hyderabad India walimpa kila mgonjwa katika kikundi kidogo cha wenye aina ya kwanza gramu 100 za unga wa uwatu uliotolewa mafuta kila siku kwa siku 10, sukari ya asubuhi ikashuka na sukari inayotoka kwenye mkojo ikapungua asilimia 54. Sasa angalia hapo, gramu 100. Sisi huku mtu anakunywa kijiko kimoja cha chai kwenye maji ya moto, gramu nne tano hivi, halafu anasubiri matokeo ya gramu 100. Baadaye wamejaribu kwa viwango vya chini zaidi na bado wakaona faida, lakini kijiko kimoja cha juujuu kwa siku ni kidogo mno.

Ukiniuliza kati ya hizo mbili ushahidi upi mzito, ni uwatu. Ukiniuliza ipi mtu wa Mwanza ataiweza kila siku bila kuchoka, bila gharama na bila tumbo kujaa gesi, ni bamia na mlenda, kwa sababu sisi tunavila tayari. Wasukuma wamekula mlenda na ugali tangu zamani, na mlenda unaingia tumboni pamoja na ugali wenyewe, hapo ndo ute unatakiwa uwepo. Ute uliokunywa saa kumi na moja alfajiri hauwezi kukusaidia sana na ugali wa saa saba mchana. Hili nalisisitiza kwa sababu karibu kila anayekunywa maji ya bamia anakunywa akiwa na njaa asubuhi halafu mchana anakula kama kawaida, wakati hata panya kwenye vile vipimo vya kupanda kwa sukari ute wanaupata pamoja na glukosi au muda mfupi kabla. Kula bamia kwenye sahani, ziwe nyingi, zivutike. Ila magadi punguza, yana sodiamu na wenye sukari wengi wana presha pia.

Na tonge nalo lipungue jamani. Ute unachelewesha sukari, hauifuti. Mlima wa ugali wa mhogo, au sahani ya michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na chai yenye vijiko vitatu, hakuna bamia ya kuubeba huo mzigo.

Kitu kimoja kuhusu bamia ambacho watu hawaambiwi na ni muhimu kuliko yote. Bangladesh mwaka 2011 waliwapa panya ute wa bamia pamoja na metformini, kile kidonge cha hospitali cha kushusha sukari, wakakuta bamia inazuia metformini kufyonzwa, dawa haikufanya kazi yake ipasavyo. Ukifikiria inaleta maana, ute unaoishika glukosi utashindwaje kuishika dawa? Sasa fikiria mtu anayemeza kidonge cha asubuhi kwa maji ya bamia akiamini anaongeza nguvu. Ni panya, sio watu, ila kwa jambo la hatari sihitaji kusubiri watu waumie, tenganisha tu, kidonge kwa maji ya kawaida na bamia mlo mwingine masaa kadhaa mbali. Uwatu nao una mnato uleule, fanya hivyohivyo.

Alovera nitaieleza kwa tahadhari maana inauzwa kwa nguvu sana. Jani lina vitu viwili tofauti kabisa. Jeli nyeupe ya katikati ndo ina ile sukari ndefu inaitwa asemanani, na jeli hiyo kwa panya wa streptozotosini imeshusha sukari kwa miligramu 300 kwa kilo, hata kwa watu kuna majaribio madogo yanatia moyo. Halafu kuna utomvu wa njano chini ya ganda, mchungu, una aloini, huo ni dawa ya kuharisha. Sasa majumbani wengi wanasaga jani zima. Marekani waliwanywesha panya maji yenye dondoo ya jani zima lisilosafishwa kwa miaka miwili, panya wakubwa wakapata uvimbe wa utumbo mpana, saratani ikiwemo, panya wadogo hawakupata. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likaiweka dondoo hiyo kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Unaona hata panya kwa panya hawakubaliani, sasa binadamu yuko upande wa yupi? Mi sitaki kujua kwa kumjaribu mama yangu. Kama lazima uitumie, menya, osha mpaka njano yote iishe, bakiza jeli tupu. Kwenye ulinganisho huu naiweka chini ya bamia na uwatu, na jani zima silipendekezi kabisa.

Karela ni fupi. Polisakaridi zake zimepimwa kwa panya na zinashusha, lakini sifa za karela zaidi zinatoka kwenye vitu vingine, charantini na protini inayofanana kazi na insulini, kwa hiyo sio mwenzao hasa kwenye mashindano ya sukari ndefu. Kwa watu, Thailand mwaka 2011 walilinganisha miligramu 2,000 za karela kwa siku na metformini miligramu 1,000, karela ikashusha ila chini ya metformini, na mapitio ya Cochrane ya 2012, yanayokusanya na kupima tafiti za watu kwa pamoja, yakasema ushahidi haujatosha. Mbegu zake zina kitu kinaitwa visini, na watu wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ambao kwenye maeneo ya malaria kama huku Kanda ya Ziwa sio wachache, chembe nyekundu za damu zinaweza kuvunjika. Kama unaipenda kama mboga, kula, toa mbegu. Kama dawa, mi ningeiacha.

Kuna anayesema hospitali hawapendi mitishamba. Metformini yenyewe ilianzia kwenye mmea wa Ulaya unaitwa Galega officinalis. Mwaka 1918 ikaonekana kwamba kemikali ya jamii ileile ya iliyomo kwenye mmea huo, guanidini, inashusha sukari ya wanyama, lakini ilikuwa na sumu, wakaendelea kuitafutia ndugu yake salama, Jean Sterne wa Ufaransa akaitumia metformini kwa wagonjwa na kuandika mwaka 1957, na ni 1998 ndo utafiti mkubwa wa Uingereza ukaonyesha inapunguza vifo kwa wagonjwa wenye uzito mkubwa. Miaka 80 kutoka mnyama mpaka uhakika. Bamia iko bado mwanzoni mwa hiyo barabara, uwatu umesogea kidogo, na hakuna kati ya hizi nne iliyofika.

Kwa hiyo mi nachagua hivi. Umepimwa ukaambiwa sukari iko mpakani, hujaanza dawa, basi bamia na mlenda kila siku kwenye mlo, tonge dogo, kutembea, na upime tena baada ya miezi mitatu kipimo kile cha wastani wa sukari (HbA1c). Uko kwenye metformini peke yake na kliniki unahudhuria, uwatu unaweza kuuongeza, anza kidogo upandishe taratibu, mbali na muda wa kidonge, na umwambie daktari wako wazi jina na kiasi, sio "natumia dawa za kienyeji" halafu unanyamaza. Mjamzito, uwatu wa dozi ya dawa acha. Unatumia glibenklamaidi (kidonge kinacholisukuma kongosho kutoa insulini) au sindano ya insulini, hapo hatari inageuka, ukiongeza kitu kinachoshusha sukari unaweza kujikuta chini ya 3.9 usiku umelala, jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, na kama uko Ukerewe au kisiwa kingine na boti mpaka asubuhi, sio jambo la kujaribu bila mashine ya kupimia nyumbani.

Na kama ni mtoto au kijana mwenye aina ya kwanza, hapo silinganishi chochote. Mwaka 1921 kule Toronto, Banting na Best walitoa kongosho za mbwa, mbwa wakaugua, wakawachoma dondoo ya kongosho na sukari ikashuka, na Januari 1922 Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa anakufa, akachomwa dondoo hiyohiyo ikiwa imesafishwa na akaishi miaka mingine 13. Matokeo ya mnyama yalifika kwa binadamu ndani ya miezi. Ute wa bamia kwa panya aliyeuawa seli za beta unapunguza namba tu, hauzirudishi seli hizo zifanye kazi kama za mtu mwenye afya, kwa hiyo mtoto huyo sindano yake isikosekane hata siku moja, bamia ale kama mboga.